Nani Kamsukuma Nani?

Mazungumzo haya, kuhusu watoto wa Kihispania wanaoshindwa kuelewa sarufi ya lugha yao wenyewe, niliyatoa mbele ya walimu wa Kiswahili, wanafunzi wa isimu na wazazi wachache waliopata habari wakaja. Nimeyaandika karibu kama yalivyosemwa. Nimepunguza marudio, na utani mmoja uliochekesha ukumbini lakini haupendezi kwenye maandishi.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi mliokaa karibu na mlango kwa sababu mnazozijua wenyewe: asanteni kwa kuja.

Kabla sijaeleza chochote, tazameni ukutani. Zipo picha nne. Ya kwanza, mvulana anamsukuma msichana. Ya pili, msichana anamsukuma mvulana. Ya tatu, mvulana anamsukuma mbwa. Ya nne, mvulana na msichana wamesimama tu, hakuna anayesukumwa. Nitawasomea sentensi moja ya Kihispania, nanyi mtachagua picha. Najua wengi hamjui lugha hiyo, kwa hiyo nawapa mtaji wa maneno matatu: niña ni msichana, niño ni mvulana, empuja ni "anasukuma". Haya, sentensi yenyewe: A la niña la empuja el niño.

Nani anachagua picha ya kwanza? Naona mikono mitano, sita. Ya pili? Naam. Karibu ukumbi mzima.

Mmekosa. Jibu ni picha ya kwanza: mvulana ndiye anayesukuma. Wala msione haya, maana mmekosa kwa akili kabisa. Mmesikia msichana, kisha kusukuma, kisha mvulana, mkaunga kwa mpangilio mliouzoea. Mlivyoviacha ni vineno viwili vidogo, a pale mwanzoni na la iliyotangulia kitenzi. Ile a inatangaza kwamba nomino inayofuata ni mtendwa. Ile la inarudia kusema: huyo huyo wa kike ndiye anayefanyiwa. Habari yote ya nani kamfanya nani nini imebebwa na silabi mbili ambazo hata mimi nikizisema haraka hamzisikii.

Sasa mfikirieni mtoto wa miaka 7, wa Granada kule Hispania au Santiago kule Chile, ambaye Kihispania ndiyo lugha ya mama yake, hana nyingine, na bado anachagua picha ya pili kama mlivyochagua ninyi. Masikio yake ni mazima. Hesabu za vitu anavyoviona anazimudu. Anacheza, anatania, anajua nani kamkasirikia. Lakini lugha haimkai kama inavyowakaa wenzake. Huyo ndiye niliyekuja kumzungumzia.

Hali yake, kwa Kihispania cha leo, wanaiita trastorno del desarrollo del lenguaje, kwa kifupi TDL. Mimi nasema tatizo la ukuaji wa lugha. Zamani waliita TEL, ile E, específico, ikiwa na maana kwamba tatizo ni la lugha peke yake na kila kitu kingine kiko sawa. Jina hilo lilileta balaa, kwa sababu mtoto aliyekuwa na kasoro nyingine ndogo pembeni alinyimwa huduma: haikuwa lugha "peke yake". Mwaka 2016 na 2017 jopo la wataalamu wa nchi zinazozungumza Kiingereza, likiongozwa na Dorothy Bishop wa Oxford, lilikubaliana kuachana na sharti hilo, na wataalamu wa Kihispania nao wakalifuata jina jipya. Nalitaja kwa sababu mkitafuta maandishi yao mtayakuta yote mawili, TEL na TDL, mkadhani ni maradhi mawili.

Ni watoto wangapi? Bruce Tomblin wa Chuo Kikuu cha Iowa alipima watoto wa chekechea Marekani, na mwaka 1997 akatoa hesabu ya asilimia 7.4. Utafiti wa Courtenay Norbury huko Surrey, Uingereza, mwaka 2016, ulipata karibu hivyo hivyo. Hao ni watoto wa Kiingereza, lakini hakuna anayedhani tatizo hili lina pasipoti. Katika darasa la watoto 30 ni wawili. Madarasa yenu mnayajua, pigeni hesabu wenyewe.

Wawili katika kila darasa, na mwalimu hawaoni! Hapo ndipo penye kiini cha mambo.

Mtoto anayeshindwa kusema, husikika. Anaporuka maneno, anapokosea "yule" na "wale", bibi atasema, nyumba nzima itajua. Mtoto anayeshindwa kuelewa sarufi hasikiki, kwa sababu kuelewa hakuna sauti. Zaidi ya hapo, maisha yanamsaidia kujificha. Mama anasema "niletee viatu vilivyo chini ya kitanda" huku macho yake yanatazama kitandani na miguu yake iko peku. Mtoto ameshika neno moja tu, viatu, na anarudi navyo. Mama anajisemea: huyu anaelewa kila kitu, ni mvivu wa kusema tu. Nimelisikia hilo kwa Kihispania, lo entiende todo, anaelewa yote. Nimelisikia kwa Kiswahili pia, neno kwa neno, na mara zote linasemwa kwa upendo.

Ukitaka kujua kama mtoto anaelewa sarufi yenyewe, lazima umpokonye msaada wote huo. Usionyeshe kidole wala usitazame kitu. Chagua pia sentensi inayogeuzika. "Mama anakula embe" haigeuziki, maana embe halijawahi kumla mtu. Hapo mtoto hahitaji sarufi, anahitaji kuijua dunia tu. "Mvulana anamsukuma msichana" inageuzika, kwa hiyo dunia haimsaidii. Anabaki na vineno vile vidogo.

Bishop ndiye aliyetunga kipimo cha namna hiyo kwa Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980, TROG. Toleo lake la pili, la mwaka 2003, lina sentensi 80 zilizogawanywa makundi 20, kila kundi aina moja ya muundo, sentensi nne nne. Mtoto anasikia sentensi, anaonyesha picha moja kati ya nne. Hasemi kitu. Na kuna ujanja mzuri wa hesabu hapo: kwa picha nne, anayebahatisha atapatia mara moja kati ya nne, lakini kupatia sentensi zote nne za kundi kwa kubahatisha tu ni mara 1 katika 256. Ndiyo maana kundi halihesabiwi mpaka mtoto apate zote. Picha za makosa nazo hazikuwekwa ovyo. Aliyechagua mvulana anayemsukuma mbwa hakushika nomino. Aliyechagua msichana anayesukuma, nomino zote anazo, kilichomponyoka ni sarufi. Kosa lenyewe linakuambia pa kutazama.

Sasa, walimu wa lugha, hapa ndipo ninapowahitaji. Kipimo kimetengenezwa, kimejaribiwa, kinafanya kazi. Mtu wa Madrid au wa Lima angeweza kuketi jioni moja akakitafsiri, na wapo waliofanya hivyo na vipimo vingi. Lakini pale Chuo Kikuu cha Granada, Elvira Mendoza na wenzake hawakwenda njia hiyo. Mwaka 2005 walitoa kipimo chao, CEG, cha watoto wa miaka 4 hadi 11. Mtindo ni ule ule wa picha nne, sentensi 80, makundi 20. Tofauti ni kwamba waliketi na kujiuliza Kihispania chenyewe kinaweka wapi mitego yake.

Kwa sababu mitego haiko mahali pamoja. Mtoto wa Kiingereza mwenye tatizo hili hujikwaa kwenye vitenzi: ile -ed ya wakati uliopita, ile -s ya nafsi ya tatu. Anaziacha akiwa na miaka 6, miaka 7, wakati wenzake walishamaliza. Wataalamu wakafikiri wameupata ugonjwa wenyewe: ni ugonjwa wa njeo, yaani wa nyakati za vitenzi. Kisha Lisa Bedore na Laurence Leonard wakawatazama watoto wa Kihispania, na mwaka 2001 wakaandika walichokikuta. Vitenzi vya Kihispania vina viambishi tamati vingi kupita vya Kiingereza, ungedhani watoto hawa watazama humo. Kumbe vitenzi havikuwa mahali pabaya zaidi. Walijikwaa kwenye vijineno vinavyotangulia nomino, el, la, los, las. Kwenye upatanisho wa vivumishi. Na zaidi kwenye viwakilishi vya yambwa, yaani vya mtendwa, lo, la, los, las. Walikuwa wakiviacha au kuvibadilisha, lo pahali pa la, umoja pahali pa wingi.

Naomba mtambue kwamba hayo ni ya kusema, si ya kuelewa. Mtoto anaweza kuacha la akisema, na bado aielewe akiisikia. Anaweza pia asiielewe. Huwezi kujua kwa kumsikiliza akizungumza. Lazima upime upande wa pili kando. Lakini mtafiti anayetaka kujua upande huo wa pili aanzie wapi, Bedore na Leonard wamemwonyesha.

Tazameni jinsi vineno hivyo vilivyo na hila. La ya "la niña" na la ya "la empuja" zinatamkwa sawasawa. Moja inaitambulisha nomino iliyo mbele yake, nyingine inasimama badala ya nomino isiyotajwa. Zote mbili hazina mkazo. Kisha ipo se. La niña la peina, msichana anamchana mwingine. La niña se peina, msichana anajichana. Kwetu tofauti hiyo ni -m- na -ji-, silabi moja katikati ya kitenzi, na mtoto asiyeishika anaona picha mbili zilizo sawa kwake.

Halafu virejeshi. Hapa mimi huwa nasimama nikashangaa, nikiwa mpenzi wa sarufi. El perro que persigue al gato es negro: mbwa anayemkimbiza paka ni mweusi. El perro al que persigue el gato es negro: mbwa anayekimbizwa na paka ni mweusi. Hesabuni kilichobadilika. Ile al, ambayo ni a iliyoungana na el, imehama na kuacha el mbele ya paka, basi. Nomino ni zile zile, mpangilio wake ule ule, kitenzi hakikuguswa. Na nani mweusi? Mtoto anatakiwa aikumbuke al, aishikilie huku kitenzi kikipita, aiunganishe na mbwa aliyetajwa nyuma, na mwisho wa yote aupeleke weusi kwa mbwa, si kwa paka aliyetajwa karibu. Mtu mzima hufanya hivyo huku anamenya kitunguu.

Na kauli ya kutendwa? Kiingereza kinaitumia sana, kipimo cha Kiingereza kinaipa nafasi. Kihispania kinayo pia, la niña es empujada por el niño, lakini hiyo ni ya gazeti na ya wakili. Mama hamsemeshi mtoto hivyo. Ukimpa mtoto wa Kihispania sentensi za namna hiyo akazikosa, umepima kama amesoma magazeti. Mfano wa upande wa pili uko huku kwetu Afrika: Katherine Demuth aliwarekodi watoto wa Lesotho, akaonyesha kwamba wanaozungumza Kisotho hutumia kauli ya kutendwa kabla ya kutimiza miaka 3, umri ambao mtoto wa Kiingereza bado yuko mbali nayo. Kisotho ni Kibantu, na lugha ikikitumia kitu kila siku, mtoto hukiokota mapema. Kwa hiyo nikiambiwa muundo fulani ni "mgumu", huuliza: mgumu kwa nani, anayesema lugha gani?

Kwa nini hasa vineno hivyo vinawaponyoka, wataalamu hawajapatana, na sitawachosha na ugomvi wao. Leonard anasema ni kwa sababu ni vifupi na dhaifu, mtoto anayechakata polepole anakuwa bado ana kazi na neno lililotangulia. Wengine wanasema ni kumbukumbu ya muda mfupi, wengine kwamba kanuni yenyewe haikuundwa kichwani. Mimi naelemea upande wa kwanza na wa pili, na sababu yangu ni ndogo: watoto hawa mara nyingi hawakosi zote. Wanapata mbili kati ya nne, tatu kati ya nne. Asiyeijua kanuni kabisa si rahisi akosee kwa mtindo huo kila mara. Wao wanaijua, ila haiwafikii kwa wakati.

Nije kwenye shule, maana najua mnangoja. Chile imefanya jambo ambalo nchi chache zimelifanya: ina shule maalumu za lugha, zinazosimamiwa na amri ya serikali namba 1300 ya mwaka 2002, kwa watoto wa miaka 3 hadi kabla ya 6. Mtoto hupimwa na mtaalamu wa usemi, ambaye kule humwita fonoaudiólogo. Mojawapo ya vipimo vinavyotumika ni kile cha sarufi alichokitunga Allen Toronto mwaka 1973, chenye sehemu ya kuelewa na sehemu ya kusema. Kilianzia Marekani kwa watoto wa Kihispania wa huko, Wachile wakakirekebisha kifae kwao. Mwaka 2009 ikaja amri nyingine, namba 170, iliyofafanua kwa undani nani apimwe na nani, na kwa vipimo gani. Amri zinachosha kusoma, lakini nchi iliyofikia kuandika kwenye sheria kwamba mtoto apimwe kuelewa sarufi imeshavuka hatua ambayo wengine hatujaikaribia.

Marekani mambo yamekuwa mazito zaidi, kwa sababu mtoto wa Kihispania wa Texas ana lugha mbili. Akipimwa kwa Kiingereza peke yake anaonekana mgonjwa kumbe anajifunza. Au anasubiriwa: ngoja kwanza ashike Kiingereza, na kumbe tatizo ni la kweli na miaka inapita. Elizabeth Peña, Bedore na wenzao walitengeneza kipimo cha lugha zote mbili, BESA, kwa watoto wa miaka 4 hadi 6, kwa msingi kwamba tatizo hili likiwepo, lipo katika lugha zote za mtoto. Lugha mbili hazilileti. Mzazi aliyeambiwa aache lugha ya nyumbani ili mtoto "asichanganyikiwe" ameshauriwa vibaya, hata kama aliyemshauri amevaa koti jeupe. Na tusisahau kwamba Kihispania ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta pia, ambako watoto wengi nyumbani husema Kifang au Kibubi, lugha za Kibantu kama yetu. Kipimo cha Granada kitamwona vipi mtoto wa Malabo? Hilo nawaachia wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada.

Mzazi mmoja amenitumia kikaratasi hapa: kuna dawa? Dawa ya chupa hakuna, mama. Mafunzo yapo, nayo hayaendi haraka. Bishop na wenzake walijaribu kuwafundisha watoto sentensi zinazogeuzika kwa kompyuta, wakaeleza mwaka 2006 kwamba sarufi haikusogea kama walivyotumaini. Mwingereza mwingine, Susan Ebbels, anafundisha kwa maumbo na rangi: mtenda ana umbo lake, mtendwa lake, mtoto anaiona sarufi kwa macho kabla hajaisikia. Kwa watoto wakubwa imewasaidia. Kwa Kihispania ni rahisi kuona namna ya kuitumia: ile a na yambwa yake zikae ndani ya umbo moja, lihamishwe mwanzo wa sentensi, lihamishwe mwisho, mtoto ajionee kwamba msukumwaji habadiliki.

Darasani, mwalimu, acha kuuliza "mmeelewa?" Mtoto huyu atajibu ndiyo, ndilo jibu lililomvusha siku zote. Mwambie akuonyeshe. Mpe wanasesere wawili, useme sentensi moja bila kutazama popote, ungoje. Kungoja ndiko kugumu. Sisi walimu hatuvumilii kimya, tunairudia sentensi kwa maneno mengine, na mtoto aliyekuwa bado na ile ya kwanza sasa ana mbili.

Na Kiswahili? Nilijua mtauliza. Kamil Ud Deen aliwarekodi watoto wadogo wa Nairobi na kuonyesha kwamba hukiacha kiambishi cha nafsi mwanzoni mwa kitenzi katika umri ambao bado wanajifunza. Katie Alcock na wenzake walitengeneza orodha za kupima maneno ya watoto wadogo wa Kiswahili na Kigiriama kule Kilifi. Hao ni watoto wanaokua kama kawaida. Tukitaka picha nne zetu wenyewe, mitego tunaijua. "Kisu mtoto amekichukua", "mtoto kisu amekichukua", ipange utakavyo, a- na -ki- zinakulinda: ngeli ndiyo mlinzi. Lakini weka nomino mbili za ngeli ya A-WA, a- na -m- zinamfaa kila mmoja wao, mlinzi analala. Hapo ndipo ningeanza kuchora.

Nilikuwa nimefunga daftari mwalimu mmoja wa kike aliponyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "mjukuu wangu jana kaja mbio ananiambia: bibi, mtoto wa jirani kamuuma mbwa. Picha ipi hiyo?"

Nusu ya ukumbi ikasema mtoto kaumwa. Nusu nyingine ikacheka, ikasema mbwa. Nikamwomba aitamke tena kama mjukuu alivyoitamka. Akaitamka, safari hii akitua kidogo baada ya "kamuuma", na mikono kadhaa ikashuka, mingine ikapanda.